Vidonge vya vimeng'enya "vya mimea": nimevimeza siku 40 hapa Mtwara, njooni tuambiane ukweli

#1 · Karani_wa_Ghala · Mtwara

Wakuu, za jioni.

Mimi ni karani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Minada ikishaanza Oktoba hatuna habari ya kula nyumbani. Asubuhi ni chapati na mbaazi za nazi kwa mama ntilie wa getini, mchana ugali wa muhogo na samaki, na katikati hapo chai ya maziwa vikombe sijui vingapi. Ikifika saa kumi jioni tumbo limejaa mpaka natafuta kanga ya kujifunga, maana kifungo cha sketi kimekataa. Kijana mmoja wa mizani, mtundu sana, aliniuliza mbele ya watu: "Dada, hongera, ya miezi mingapi?" Nikamwambia ni ya mbaazi.

Basi wifi yangu anauza virutubisho, stetasi zake mnazijua za aina hiyo, akaniletea chupa ya vimeng'enya vya mimea, vya kusaidia tumbo kusaga chakula. Kapsuli 60, shilingi 65,000. Nikampa 40,000, nyingine deni. Maelekezo: meza moja kila usiku kabla ya kulala, tumbo likiwa tupu, "visafishe njia".

Nimemeza siku 40. Wiki ya kwanza nilijiona mwepesi kabisa nikaanza hata kumsifia wifi kwa watu. Baadaye nikakumbuka kwamba wiki ile mama ntilie alifiwa, akaenda Tandahimba, hatukula mbaazi. Aliporudi, na tumbo likarudi.

Chupa ilikuwa inakaa kwenye dirisha la ofisi ya getini ili nisisahau kubeba. Zimebaki kapsuli 20. Sasa naomba wanaojua: tatizo ni mimi, ni dawa, au ni namna nilivyoitumia? Na kuna mtu kanitia wasiwasi kwamba vitu hivi vinatoka kwa nguruwe. Hilo nalo nataka jibu, sitaki mzaha.

#2 · Njomba_Halisi · Mtwara

Njomba hapo dawa ni kuacha mbaazi tu.

#3 · Karani_wa_Ghala

@Njomba_Halisi kuacha mbaazi Mtwara si bora nihame?

#4 · Tiba_Mama · Lindi

Pole mpendwa. Tumbo lako limejaa sumu za muda mrefu, siku 40 hazitoshi, mwili ndio kwanza unaanza kusafishika. Endelea chupa tatu mfululizo. Nina ushuhuda wa watu waliopona vidonda vya tumbo, sukari na presha kwa vimeng'enya hivihivi. Vya mimea havina madhara yoyote. Karibu inboksi nikupe bei ya jumla.

#5 · Duka_la_Kona · Masasi

Dada Karani, nimesomea famasia na nina duka la dawa huku Masasi. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu swali hili naulizwa kaunta karibu kila siku, na huwa sina nafasi ya kulimaliza, foleni inakuwa imefika barabarani.

Kimeng'enya ni mkasi. Chakula ni minyororo mirefu, damu haiwezi kuipokea hivyo, lazima ikatwe. Mwili wako una mikasi yake: mate yana amilesi ya kukata wanga, tumbo lina pepsini ya kukata protini, kisha kongosho linamwaga mzigo mkubwa wa amilesi, lipesi ya kukata mafuta na protesi ya kukata protini kwenye utumbo mwembamba. Kongosho lina akiba ya ajabu. Mafuta huanza kupita bila kumeng'enywa pale tu uwezo wake wa kutoa lipesi unaposhuka chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mtu mzima mwenye kongosho salama anayekula ugali na samaki hahitaji kuongezewa amilesi wala protesi. Anayo, na inabaki.

Ila kuna vitu viwili kwenye menyu yako ambavyo mkasi wake unaweza usiwepo.

Cha kwanza mbaazi. Mbaazi, kunde, choroko na maharage zina sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi. Hakuna binadamu mwenye mkasi wa hizo, awe Mmakonde au Mjapani. Zinapita nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanazishangilia, wanazichachusha, na gesi ndiyo hiyo inayokukatalia kifungo. Mkasi wake upo, unaitwa alfa-galaktosidesi, na huo kweli unasaidia watu wengi. Lakini lazima ukutane na mbaazi tumboni. Unameza na tonge la kwanza. Wewe ulimeza saa nne usiku, mbaazi umekula saa moja asubuhi: ni sawa na kumwita fundi cherehani siku ambayo kitambaa hakijaletwa.

Cha pili maziwa. Hilo nitalirudia.

Sasa angalia ubavuni mwa chupa. Usisome miligramu, miligramu za kimeng'enya hazikuambii kitu. Unga wa gramu nzima unaweza kuwa umekufa. Nguvu ya kimeng'enya inapimwa kwa kazi kinayofanya, kwa hiyo utaona herufi: amilesi kwa DU, protesi kwa HUT, laktesi, ile ya maziwa, kwa ALU, alfa-galaktosidesi kwa GalU. Chupa ikiandika tu "mchanganyiko maalumu miligramu 500" bila herufi hizo, umeuziwa jina.

Na hilo neno "mimea" lina uongo mdogo ndani yake. Papaini inatoka kwenye papai kweli. Bromelaini inatoka kwenye nanasi kweli, hasa kwenye shina lake. Lakini amilesi, lipesi, laktesi na hiyo ya mbaazi kwenye kapsuli nyingi zinatoka kwenye ukungu, mara nyingi Aspergillus, unaokuzwa kiwandani kwenye matangi. Si haramu wala si vibaya, ukungu ndio unaochachusha vyakula vingi duniani. Ila si jani wala mzizi, na anayekuonyesha picha ya msitu kwenye stetasi anajua anachofanya.

#6 · Karani_wa_Ghala

Nimewasha tochi ya simu kusoma maandishi ya ubavuni. Ni "mchanganyiko maalumu miligramu 450". Herufi hakuna. Basi.

Na nguruwe?

#7 · Duka_la_Kona

Sehemu mbili za kuangalia. Moja ni kimeng'enya chenyewe: ikiandikwa pankreatini, hiyo ni kongosho la mnyama, na kwa kawaida ni nguruwe. Papaini, bromelaini na za ukungu hazihusiani naye.

Ya pili watu wanaisahau: ganda la kapsuli. Ganda la kawaida ni jelatini, na jelatini inatokana na ngozi na mifupa, ya ng'ombe au ya nguruwe. Kampuni inaweza kuandika "vya mimea" ikimaanisha unga wa ndani, ganda likabaki jelatini. Tafuta iliyoandikwa haipromelozi au selulosi, au yenye alama ya halali. Ukishindwa kabisa, fungua kapsuli, mwaga unga kwenye chakula kilichopoa, tupa ganda.

#8 · Mzee_wa_Newala · Newala

Wanangu, mnanifurahisha. Papaini naijua kabla hamjazaliwa.

Tanganyika ilikuwa inauza papaini nje, miaka ya 1950 ilikuwa biashara. Marehemu baba alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mapapai kaskazini, akarudi na vidole vimebabuka ncha zote. Kazi ilikuwa hivi: alfajiri, kabla jua halijapanda, unachanja papai bichi likiwa bado mtini, mistari mitatu minne ya wima, isiyoingia ndani. Utomvu mweupe unatiririka kama maziwa, chini umetandikwa kitambaa au umetegwa chombo. Baada ya dakika chache umeganda. Unakusanywa, unakaushwa, unakuwa unga. Baada ya siku kadhaa unarudi kuchanja papai lilelile. Ule utomvu ukikushika mkononi unakula ngozi. Unakula kweli, maana kazi yake ni kukata protini na wewe ni nyama.

Wazungu walikuwa wanautaka kwa kulainishia nyama na kwa viwanda vya bia, bia ibaki angavu hata ikipoa. Bibi zenu walikuwa wanafunga nyama ya mbuzi mzee kwenye jani la mpapai bila kumuuliza mtu.

#9 · Bibie_Kivinje · Kilwa

Shikamoo mzee. Hata pweza. Huku wengine wanampiga kwenye jiwe mpaka mkono unachoka, mimi naweka kipande cha papai bichi na maganda yake sufuriani maji yakiwa vuguvugu, nampa nusu saa ndipo nawasha moto mkali. Ukimsahau anakuwa uji, mashahidi ni wageni wangu wa Idi iliyopita.

Swali: sasa si nile tu papai kila baada ya chakula, kwa nini nitoe elfu sitini?

#10 · Mzee_wa_Newala

Marahaba mwanangu. Papai lililoiva halina utomvu tena. Limeshamaliza kazi.

#11 · Duka_la_Kona

Mzee kamaliza. Papaini iko kwenye utomvu wa papai bichi na inapungua kadiri tunda linavyoiva. Papai bivu lina maji na nyuzinyuzi, linasaidia choo, lile, lakini usilihesabu kama dozi. Kwa nanasi ni vivyo hivyo: la kopo halina bromelaini hai, limeshachemshwa. Na Bibie, umeeleza bila kujua kanuni kuu ya vimeng'enya vyote: vuguvugu vinakimbia, vikichemka vinakufa. Ndiyo maana unampa nusu saa kabla ya moto mkali.

Sasa hapo kwa Tiba_Mama aliyesema "havina madhara yoyote". Mtu anayemeza warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, papaini na bromelaini zinaweza kumwongezea hatari ya kuvuja damu. Anayetarajia upasuaji aache mapema na amwambie daktari. Mwenye mzio wa mpira, wale wanaovimba wakivaa glavu za hospitali, anaweza kuvimba kwa papaini pia. Na mwenye vidonda vya tumbo anayeambiwa anywe protesi tumbo tupu ili apone, jamani. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria anayeitwa H. pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Bakteria anatibiwa kwa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, baada ya kipimo. Kimeng'enya hakimuui.

#12 · Nuru_Mkuti · Masasi

Samahani kuingilia, nina mimba ya miezi mitano, kiungulia kinaniua. Hivi vya papai vinafaa?

#13 · Duka_la_Kona

Hapana dada'ngu. Papai bichi na utomvu wake uache kabisa sasa hivi, una vitu vinavyoweza kuamsha misuli ya mji wa mimba. Kiungulia cha mimba kina dawa salama, waambie kliniki siku ya mahudhurio. Kula kidogokidogo, usilale mara tu baada ya kula.

#14 · Ruangwa_Finest · Ruangwa

Mimi niseme jambo la mjomba wangu, maana naona watu wanacheka.

Mjomba alikuwa mtu wa pombe, uraka wakati wa mabibo na nipa miezi iliyobaki. Miaka mingi. Akaanza maumivu juu ya kitovu yanayopenya mpaka mgongoni. Kila akila anauma, akaacha kula. Akakonda suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Choo chake, nisameheni, kilikuwa cheupe-cheupe, kinaelea, kina mafuta, na ukimwaga maji hakiondoki. Shangazi ndiye aliyekuwa anahangaika nacho kila siku na hakumwambia mtu kwa aibu.

Muuzaji mmoja akamwambia ni vidonda, akamuuzia vimeng'enya vya mimea. Chupa moja, ya pili, ya tano. Tukauza mbuzi wawili. Nafuu ndogo ilikuwepo, au tulitaka iwepo. Miezi saba hiyo.

Tulipompeleka hospitali ya misheni, daktari aliuliza maswali mawili tu: unakunywa nini, na choo chako kikoje. Picha ikaonyesha kongosho limekauka na lina vijiwe. Na sukari ilikuwa imeshapanda, maana kongosho ndilo linatoa na insulini. Akaandikiwa vimeng'enya kweli, lakini vya hospitali, vya lipesi uniti kama 40,000 kwa mlo, vina utando wa kuvivusha kwenye asidi. Kwenye zile chupa zetu lipesi ilikuwa imeandikwa 500.

Na hivyo vya hospitali ni vya nguruwe. Mjomba hanywi pombe tena sasa hivi, anaswali, akakataa. Tukamwita shehe wa mtaa. Alikaa naye barazani kuanzia alasiri mpaka magharibi. Akamwambia dawa isiyo na mbadala ni darura, yaani ulazima unaoruhusu kilichokatazwa, na kuacha kujitibu ukafa si uchamungu. Mjomba akameza. Amerudisha mwili, si wote.

#15 · Karani_wa_Ghala

Pole sana kaka. Ahsante kwa kusema la choo. Hakuna anayelisemaga.

#16 · Tiba_Mama · Lindi

Kila mtu na ushuhuda wake. Bidhaa zetu zimesajiliwa na Serikali, sijawahi kupokea malalamiko.

#17 · Duka_la_Kona

Mama, zimesajiliwa kama nini? Mwaka 2019 TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, iligeuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Kitu kilichosajiliwa kama chakula hakiruhusiwi kujitangaza kinatibu sukari. Na dawa za asili nazo zina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ya 2002. Sikatai biashara yako, mimi pia nauza hivi vitu. Nakataa hiyo "sukari na presha".

Na kwa wote: kukonda bila sababu, choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama kooni, macho kuwa ya njano, choo cha mafuta kama cha mjomba wa Ruangwa, au tumbo lililoanza kusumbua umri umeshakwenda. Hapo usije dukani kwangu. Nenda hospitali moja kwa moja, mimi utanipa hela ya bure.

#18 · Nesi_Mstaafu · Nachingwea

Nimesoma uzi wote nikiwa nachambua mboga. Mnatafuta vimeng'enya vya mimea kwenye chupa za elfu sitini, na jikoni kwenu vimo.

Mimi nimefanya kliniki ya watoto. Miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa inatufundisha kimea. Tatizo la uji wa mtoto ni hili: ukiweka unga wa kutosha unakuwa mzito hawezi kumeza, ukiufanya mwepesi unakuwa maji matupu, anashiba bila kula. Sasa nafaka ikiota inatengeneza amilesi yake yenyewe, ili mche uchanganue wanga uliomo kwenye punje. Wewe unaiba hiyo amilesi. Unaloweka ulezi, unauotesha, unaukausha, unausaga. Uji mzito ukishaiva unautoa jikoni, ukipoa kiasi cha kidole kuvumilia, unatia kijiko kimoja cha kimea, unakoroga. Mbele ya macho yako unalegea unatiririka, na unga ni uleule. Unaurudisha motoni uchemke kidogo, umpe mtoto.

Tumieni ulezi. Mtama nao unafaa lakini miche yake ina sumu ya sayanidi, lazima uipukute yote.

Na kwa kuwa nimetaja sayanidi: nyie wa ugali wa muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo iliwapata watu wa vijiji vya mkoa wa Mtwara, watoto na kina mama miguu ikapooza, kwa muhogo mchungu uliosagwa haraka miaka ya njaa. Kinga yake ni kimeng'enya pia, na kimo ndani ya muhogo. Unga unaoushuku ulowanishe maji uwe tepetepe, utandaze mwembamba juu ya jamvi, juani saa mbili au kivulini saa tano. Kimeng'enya chake kinaifungua sumu, sumu inapaa na hewa. Ndipo usonge ugali jioni hiyohiyo. Hakuna mtu atakayekuwekea hiyo kwenye stetasi, haina faida.

#19 · Karani_wa_Ghala

Shikamoo nesi. Umenipa wazo. Nina mtoto wa miezi minane halafu nina kapsuli 20. Mtoto simpi hizo kapsuli, msianze kunisema. Uji tu ndio nitautesa.

#20 · Karani_wa_Ghala

Haya, mrejesho wa jana usiku.

Nimepika uji wa sembe mzito, kijiko kinasimama. Nikaugawa bakuli tatu, nikangoja upoe nikaweza kutia kidole nikahesabu mpaka tano. Bakuli la kwanza sikuweka kitu. La pili nikafungua kapsuli mbili za wifi. Unga ulikuwa umeshikana kama chumvi ya masika, niliutoa kwa kijiti cha kiberiti. La tatu nikaweka kapsuli moja niliyopewa na jirani yangu anayefanya kazi bandarini, ya chupa yenye herufi zile, amilesi DU sijui elfu ngapi, inakaa kwenye friji yake.

Dakika kumi. Bakuli la tatu kijiko kimelala. Nikaliinamisha, uji ukatiririka kama chai ya rangi iliyozidi sukari. Mume wangu akaita watoto waje waone.

La kwanza na la pili, kijiko kimesimama wima. Dakika ishirini, kimesimama. Nikaenda kuswali isha nikarudi, kimesimama.

Sijui kama vilikuwa vimekufa tangu dukani au ni lile dirisha la getini. Bati, jua la mchana kutwa, na unyevu wa bahari. Mfamasia?

#21 · Duka_la_Kona

Inawezekana vyote. Joto na unyevu vikikaa pamoja vinaua kimeng'enya taratibu, na kuganda kwa unga ni dalili kwamba maji yaliingia. Pembeni mwa chupa nyingi wameandika chini ya nyuzi 25, na getini kwenu mchana sidhani kama mnaijua nyuzi 25.

Jaribio lako linaonyesha amilesi tu. Uji hausemi chochote kuhusu ile ya mbaazi wala laktesi. Lakini kama hata amilesi, iliyo rahisi kuliko zote, imekufa, sina matumaini na wenzake.

Halafu nilikuahidi maziwa. Vikombe vingapi kwa siku?

#22 · Karani_wa_Ghala

Vitano. Sita siku ya mnada.

#23 · Duka_la_Kona

Basi jaribu hili bila kununua kitu: siku nne chai ya rangi tupu, mbaazi kula kama kawaida. Kisha siku nne chai ya maziwa, mbaazi acha. Andika.

Sukari ya maziwa ni laktosi, mkasi wake laktesi. Mtoto anazaliwa nao, na wengi wetu mwili unaupunguza baada ya kuacha ziwa. Si ugonjwa.

#24 · Lemutuz_wa_Nangurukuru · Kilwa

Sisi wafugaji tuliohamia huku tunakunywa maziwa lita nzima na hakuna anayeunguruma. Nyie wa pwani tumbo limezoea nazi.

#25 · Duka_la_Kona

Unatania lakini upo sahihi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa damu za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta jamii za wafugaji zina mabadiliko ya kinasaba yanayowafanya waendelee kutengeneza laktesi ukubwani, na si yaleyale ya Wazungu, yalitokea huku kivyake. Mkulima na mvuvi wa pwani hakuwa na ng'ombe wa kumlazimisha.

Mtindi kwa kawaida unavumilika zaidi, bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

#26 · Njomba_Halisi

Kwa hiyo njomba nilikuwa sahihi, aache mbaazi.

#27 · Karani_wa_Ghala

Mrejesho wa mwisho, wiki mbili baadaye. Samahani kwa kuchelewa, mnada ulikuwa mkubwa.

Siku nne za chai ya rangi na mbaazi: gesi ipo, lakini kifungo kimefunga mpaka jioni. Siku nne za maziwa bila mbaazi: siku ya kwanza saa sita mchana nilikuwa chooni, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne sikuimaliza. Kumbe mwaka mzima nimezisingizia mbaazi za watu.

Maziwa nimeacha, nakunywa mtindi jioni na haunisumbui. Kwa mbaazi nilizungumza na mama ntilie, amekubali kuloweka usiku, kumwaga maji, na kumwaga tena yale ya chemsho la kwanza. Alinuna kidogo, akasema utamu unamwagika. Anaongeza nazi. Ya alfa-galaktosidesi nimenunua ndogo, yenye GalU zimeandikwa na ganda la selulosi, naibeba kwenye pochi kwa ajili ya shughuli na misiba tu, kule huwezi kumwamuru mpishi. Nameza na tonge la kwanza. Inasaidia, haifuti kila kitu.

Wifi nimemlipa 25,000 yake. Sikumwambia habari za uji.

Nesi, ulezi wangu niliuloweka juzi, jana nikaumwaga maji nikaufunika kwa kitambaa kibichi. Leo umetoa vimkia vifupi vyeupe. Niukaushe sasa au ningoje?

#28 · Nesi_Mstaafu

Ngoja kesho, vimkia virefuke kidogo kupita punje. Geuza-geuza usivunde. Kisha anika juani kwenye ungo, ukikauka pukuta vimkia, na ufungie kuku.